Waya wa Breki

MWANAIDI: Karibuni tena barazani. Mie Mwanaidi, na huyu mwenzangu mnamjua.

MHINA: Wananijua. Wanaonidai wananijua zaidi.

MWANAIDI: Leo ni usalama wa mashine za bustani, karatasi yangu hii hapa. Ila kwanza niwape la juzi, kwetu Sahare, hapa Tanga. Kijana kaja kufyeka nyasi na ile mashine ya kuning'iniza begani. Uzi wa nailoni ukamwishia. Nasikia mashine imenyamaza, mara ikaunguruma tena, halafu paa! Natoka nje, kipande cha waya kimezama kwenye shina la mpapai, usawa wa kifua. Nyuzi zake zimefumuka, utomvu unachuruzika.

MHINA: Waya gani?

MWANAIDI: Wa breki ya baiskeli.

MHINA: Baiskeli ya nani?

MWANAIDI: Sikiliza kwanza. Nailoni ikigonga jiwe inalika tu. Waya ukikatika, kipande kinatoka kama risasi, maana kile kichwa kinazunguka mara maelfu kwa dakika. Ndiyo maana watengenezaji wanataka watu wakae mita 15...

MHINA: Mwanaidi. Baiskeli ya nani?

MWANAIDI: Ya baba mkwe.

MHINA: (anacheka) Ya mzee!

MWANAIDI: Ilikuwa imeegeshwa ukutani. Alasiri mzee kaipanda, hana habari, anakwenda msikitini.

MHINA: Kasimamia wapi?

MWANAIDI: Kwenye meza ya machungwa.

MHINA: Ya Muheza hayo, matamu!

MWANAIDI: Hakuumia, alhamdulillahi. Ila kandambili ya kulia soli imekwisha, na hasemi nami.

MHINA: Mji wote huu wa baiskeli, kijana kachagua ya mkweo! Kamlipe mzee kandambili.

MWANAIDI: Nitamlipa. Na yule kijana nitamnunulia miwani ya kukinga macho na buti. Alikuja na pensi, kifua wazi.

MHINA: Hapo tunaachana. Fundi umeme akija kwako unampa bisibisi?

MWANAIDI: Fundi umeme harushi mawe uani kwangu. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

MHINA: Mwajiri! Mie nimempa mtu kazi ya saa moja, siye mfanyakazi wangu. Mashine yake, miwani yake.

MWANAIDI: Akipofuka kwenye nyasi zako?

MHINA: Nitasikitika sana. Lakini ukimnunulia wewe, ataiuza jioni.

MWANAIDI: Basi ibaki kwangu, aikute akija.

MHINA: Na kwa jirani afyeke na nini? Afunge macho?

MWANAIDI: Jirani naye anunue.

MHINA: Hanunui mtu, dada. Bora avae kofia ya bodaboda.

MWANAIDI: Sikubali.

MHINA: Hata mie. Mzee lakini, breki anafungiwa lini?

MWANAIDI: Umeniharibia kipindi! Muda umekwisha, msumeno wa mnyororo sijaugusa, kujaza petroli injini ikiwa ya moto sijakugusa.

MHINA: Sema moja.

MWANAIDI: Kitu kikichoma jicho, usifikiche wala usikichomoe. Lifunike kwa kikombe cha plastiki bila kubana, mkimbize hospitali ya Bombo. Na kidole kikikatika...

MHINA: Kidole wiki ijayo, adhana hiyo.

MWANAIDI: Kidole hakingoji wiki ijayo! Kitambaa safi chenye unyevu, kisha mfuko wa plastiki, mfuko ndio ukae kwenye barafu, si kidole chenyewe. Na ule mkono ukandamizwe kwa nguvu...

MHINA: Zima, zima.