Jinsi ya kujua kilichomo kwenye kiota cha mnana bila kukigusa

Assalaam alaykum, karibuni uani kwetu, Tanga. Kelele hizo mnazozisikia ni za minana, wale ndege ambao madume yao yana mwili wa manjano, kichwa cheusi na macho mekundu. Wengine huwaita kwera. Wamerudi kwenye mnazi huu tangu masika yalipoanza, na leo nataka nikuonyeshe namna ya kujua kiota kina nini ndani bila kupanda juu na bila kukitia mkono.

Hatua ya kwanza, tafuta pa kukaa. Saa kumi na mbili unusu asubuhi weka kiti hatua 15 kutoka kwenye shina, jua likiwa mgongoni kwako. Ukifika watanyamaza. Wewe tulia tu, robo saa haipiti wataanza tena kufuma. Ukiona jike anazunguka mti na haingii kiotani, basi umemkaribia mno, sogeza kiti nyuma. Simu ifunge kwenye kiti na uzime taa yake. Droni usirushe kabisa, kwao ile ni sawa na mwewe.

Hatua ya pili, mtafute dume anayechana majani. Hapa nimepunguza kasi ya picha. Ametua kwenye ukuti, anaung'ata ukingoni, halafu anaruka huku ameushikilia. Umeona? Ukuti umechanika kwa urefu, naye anaondoka na uchane mbichi mdomoni.

Sasa tumfuate mpaka kwenye kazi yenyewe. Kwanza amefuma pete ya kusimama wima, inaning'inia. Anasimama ndani ya pete hiyo na kila kitu anakifanya kutokea hapo: mbele yake anafuma chumba cha mayai, nyuma yake anatengeneza mlango unaotazama chini. Kiota kinaishia pale mdomo wake unapofika. Tazama mguu wake wa kushoto. Amekanyaga ncha moja ya uchane kwa kucha, ncha ya pili anaipenyeza kwa mdomo, anapeleka kichwa upande wa pili, anaidaka na kuivuta mpaka ikaze. Bibi yangu alipokuwa akisuka ukili wa mkeka alibana kwa kidole gumba vivyo hivyo.

Ukiona kiota kingine kimekaa ovyo, chane zinatokeza kila upande, huenda ni cha dume mchanga. Kufuma vizuri kunataka mazoezi. Watafiti wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliliona hilo miaka ya 1960: madume waliolelewa bila majani ya kuchezea walipata tabu sana kufuma walipokuja kupewa majani.

Hatua ya tatu ni rangi, na hapa naomba usikilize vizuri. Kiota cha kijani ni kipya, bado kinatafuta mwenyewe. Dume ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa ili manjano ya ndani yaonekane, na anaita. Jike akija, anaingia, anavutavuta kuta. Asiporidhika anaondoka. Majani yakishakauka yakawa kahawia, kama wiki moja hivi, na hakuna jike aliyekitaka, dume anakifumua kwa mdomo wake mwenyewe na kufuma kingine. Ndiyo maana asubuhi unakuta chane zimetapakaa chini ya mti. Hapo usimsingizie paka.

Lakini kiota chenye mayai nacho kinakauka na kuwa kahawia. Mwaka juzi sikulijua hilo. Mkwezi alikuja kuangua nazi, akaniuliza kuhusu makuti mawili yenye viota vikavu, nikamwambia akate, vimeshaachwa. Ndani mlikuwa na makinda. Bado hayajaota manyoya, midomo wazi. Hayakufika jioni.

Kwa hiyo hatua ya nne: usiamini rangi peke yake, mwangalie jike. Yeye hana kichwa cheusi, ni wa manjano iliyofifia. Akikubali kiota, anaanza kuingiza nyasi laini na manyoya ya kutandika ndani. Hutaga mayai 2 au 3 na kuyaatamia mwenyewe siku 12 hivi, kwa sababu dume anaweza kuwa na majike hata watano kwenye mti huohuo. Katika siku hizo kiota kinaonekana kama kimekufa. Ni lazima ukae saa nzima au mbili ndipo umwone akichomoka kwenda kula. Mayai yakianguliwa, kazi yako ni rahisi: anaingia na kutoka na viwavi na wadudu wengine mdomoni tangu alfajiri. Makinda hutoka baada ya wiki 3 hivi.

Huenda ukamwona pia kekeo mwenye mgongo wa kijani unaometa akivizia pembeni. Anatafuta nafasi ya kutaga yai lake kwenye kiota cha mwenzake. Usimfukuze, mnana ana kinga yake. Kila jike hutaga mayai ya rangi yake maisha yake yote: huyu meupe, yule ya samawati, mwingine ya kijani yenye madoa. Yai lisilofanana na yake hulitupa nje.

Hatua ya mwisho, chukua daftari. Kila kiota kipe namba, na uandike tarehe uliyomwona jike akiingiza manyoya kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo hesabu wiki 6, nimeongeza siku kidogo kwa usalama, ndipo umwite mkwezi. Kama kuti limeelemea paa na huwezi kusubiri, lifunge kwa kamba kwenye kuti la jirani yake.

Huyu hapa anaingia kiota namba 4. Ana unyoya mweupe wa kuku mdomoni. Naandika tarehe ya leo.