Namba Kwenye Jiwe: Yale Niliyoyasikia kwa Wachezaji wa Kondele

Hamjambo wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma. Nimeombwa nizungumze juu ya gemu moja mpya na jinsi watu wetu wanavyoipokea. Nina chumba cha gemu pale Kondele, Kisumu, mashine nne, na kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kukaa nyuma ya wachezaji na kuwasikiliza. Nitakayosema leo ni yale niliyoyasikia.

Nianze na jioni moja ya mwezi wa tano, mwaka 2025. Mashine tatu ziko kwenye kandanda kama kawaida. Kwenye ile ya nne, kijana mmoja anayesomea ufundi wa umeme amefungua gemu aliyoinunua kwa pesa zake. Skrini inaonyesha bandari. Watu wamevaa mashada ya maua, wanaagana, wengine wanacheka kwa nguvu kama watu wanaozuia kilio. Ng'ambo ya bahari kuna jiwe refu mno, na juu yake namba inawaka. Mwanamke mkubwa ajabu anaamka, anaifuta namba ile na kuandika nyingine: 33. Pale bandarini, mwanamke anayeitwa Sophie amesimama na mpenzi wake wa zamani, Gustave, na mbele ya macho yake anaanza kumeguka kuwa petali na vumbi. Gustave anabaki amekumbatia hewa.

Chumba kilinyamaza. Kijana aliyekuwa anakwenda kupiga penalti aliweka pedi ya kuchezea mapajani, na mwenzake hakumwambia apige.

Gemu yenyewe inaitwa Clair Obscur: Expedition 33. Maneno mawili ya kwanza ni Kifaransa, maana yake mwanga na giza pamoja, kama wachoraji wanavyoviweka kwenye picha. Ilitoka tarehe 24 Aprili, na imetengenezwa na kampuni changa ya Sandfall Interactive iliyoko Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Kiini cha timu hiyo ni watu wapatao thelathini tu, ingawa walisaidiwa na wengine wa nje, na katika siku tatu za kwanza ziliuzwa nakala milioni moja. Kisa chake ni hiki: kila mwaka yule mwanamke mkubwa, anayeitwa Mchoraji, huandika namba kwenye jiwe, na kila aliyefikisha umri huo hutoweka. Wanaita tukio hilo Gommage, yaani kufuta, kama unavyofuta penseli kwa raba. Namba ilianzia 100, miaka 67 iliyopita, na kila mwaka inashuka kwa moja. Na kila mwaka msafara wa watu waliobakiza mwaka mmoja huvuka bahari kwenda kumzuia. Hakuna msafara uliofaulu. Wewe mchezaji unaingia na msafara wa 33.

Sasa, malalamiko ya kwanza niliyoyasikia yalihusu vita. Mapigano ni ya zamu: unapiga, adui anapiga. Vijana wangu wamezoea kandanda na gemu za bunduki, na mmoja aliuliza mbona wapiganaji wanangojana kama wako kwenye foleni ya hospitali. Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Alitazama dakika kumi bila kusema neno, kisha akasema, "Mwacheni afikiri. Hii ni ajua."

Nadhani yule mzee aliielewa gemu hii kabla yetu sote. Katika ajua, lile bao la Waluo, mwenzako anapochota kete na kuzipanda shimo kwa shimo, wewe hujapumzika. Macho yako yako kwenye mkono wake. Hapa pia ni hivyo, kwa sababu adui anapokupiga una nafasi ya kukwepa au kukinga, kwa kubonyeza wakati ule ule pigo linapofika. Kukwepa ni rahisi kidogo. Kukinga kunataka sekunde yenyewe hasa, lakini ukikinga mapigo yote unamrudishia pigo zito, na kila kinga inakuongezea nguvu ya zamu yako. Na maadui wenyewe ni wajanja. Anainua upanga, anaushikilia juu, wewe kidole kinakuwasha, unabonyeza mapema, umekwisha.

Niliona jambo hapo ambalo bado nalifikiria. Aliyejifunza kukinga upesi kuliko wote hakuwa bingwa wa kandanda. Alikuwa kijana anayepiga ngoma kanisani. Nilimwona akitikisa mguu wa kulia chini ya kiti, midomo ikihesabu, na adui aliyewashinda wenzake jioni nzima alimwangusha katika jaribio la tatu. Nikamuuliza anaangalia nini. Akaniambia haangalii, anasikiliza. Kila pigo lina sauti inayolitangulia. Baada ya hapo wenzake walianza kuniomba nipunguze kelele za mashine zile nyingine, ombi ambalo sijawahi kulipata tangu nifungue.

Kuhusu uzuri wa picha sitakaa sana, maana kila mtu anausifu. Nitataja sehemu moja tu, inayoitwa Flying Waters, ambako unatembea kama chini ya maji, meli zilizovunjika pembeni na mimea ya baharini ikipepea, lakini unapumua. Kijana wa Dunga ambaye babake ni mvuvi aliomba arudishwe hapo mara mbili bila kupigana na mtu, atazame tu.

Nataka kukaa kwenye namba.

Wiki ya pili, kijana wa miaka 19 alisimama akasema kwa furaha, "Mimi ningekuwa bado na miaka 14." Alitoa 19 kutoka 33. Binti mmoja anayesomea uuguzi, ambaye huja Jumamosi na mdogo wake, akainuka, akachukua chaki kwenye ubao ninaoandikia zamu, akaandika safu mbili. Upande mmoja 19, 20, 21, 22. Upande wa pili 33, 32, 31, 30. Umri unapanda, namba inashuka. Zinakutana wapi? Kwenye 26. Huna miaka 14, akamwambia. Una saba.

Mngeiona ile sura. Kila mtu akaanza kuhesabu yake. Mdogo wa yule binti ana miaka 13; zinakutana kwenye 23. Mtoto anayezaliwa leo hawezi kuipita 17. Kaka mmoja fundi wa pikipiki, mwenye miaka 34, alisema polepole, "Mimi nimeshakwenda." Hapo ndipo walipoelewa jambo ambalo gemu hulitaja kwa maneno machache tu mwanzoni, kwamba Gustave na Sophie waliachana kwa sababu hawakukubaliana juu ya kuzaa watoto. Mara ya kwanza walilipita kama ugomvi wa mapenzi. Baada ya ubao ule walijadiliana saa nzima kama ni haki kumzaa mtoto ambaye unajua namba yake. Katika miaka yangu sita sijasikia mjadala kama ule ukitoka kwenye kandanda, na naipenda kandanda.

Kisha yule binti wa uuguzi akauliza swali lingine. Akasema, "Na wanazika nini?"

Wazee mnajua uzito wa swali hilo hapa kwetu. Mtu akifia Nairobi, akifia ng'ambo, tunachanga mpaka mwili urudi nyumbani, alazwe kwenye boma lake, watu wakeshe. Kaburi lililo nyumbani ndilo linalosema mtu huyu alikuwa wetu. Katika mji ule wa gemu, Lumière, hakuna mwili. Kuna petali, upepo unazipeperusha baharini, kwisha. Ndiyo maana, akasema, wanafanya ile sherehe bandarini kabla: maua, chakula, watu kugawa vitu vyao. Ni matanga ambayo marehemu mwenyewe anahudhuria. Binti huyo alimzika mama yake mwaka uliotangulia, nilikuwepo. Sikumjibu, na hakuna aliyemjibu. Alikaa akaomba pedi.

Sasa niseme juu ya saa, kwa sababu hapa lawama ni yangu. Chumba changu kinauza muda. Mechi ya kandanda shilingi 20, saa nzima shilingi 100. Gemu hii, ukifuata kisa chake tu bila kuzunguka, ni kama saa thelathini. Nakala yake inauzwa karibu dola 50, yaani takriban shilingi 6,500. Kijana analipa saa moja, anafika mahali anaanza kuelewa, muda umeisha, anayefuata anaketi. Waliocheza hivyo waliniambia gemu ni ya polepole, ina maneno mengi, ndani ya maeneo haina ramani ya kukuonyesha njia, unapotea. Waliocheza saa kumi na zaidi waliniambia kupotea ndiko kunakowapa raha, kwa sababu unaviona vitu ulivyokuwa ungevipita. Gemu ni ile ile. Maoni yanabadilika kulingana na saa ulizompa mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu fulani haifai, siku hizi namuuliza kwanza alikaa nayo muda gani, na nani alikuwa anamsubiri ainuke.

Stima nayo ilitukata mara mbili katikati ya vita virefu. Gemu hujihifadhi yenyewe, lakini si katikati ya pigano, na dakika arobaini za jasho zilipotea. Kijana yule wa ngoma alikwenda nje akasimama barabarani kwa muda.

Basi nikafanya hivi. Tangu mwezi wa sita, kila Jumapili jioni mashine ya nne haiuzwi kwa saa. Kila anayeingia anatoa shilingi 30, tunacheza safari moja, pedi inazunguka. Mmoja anapigana, mwingine anachagua silaha, mwingine anasoma maneno na kuyatia Kiswahili kwa sauti, maana gemu yenyewe haina Kiswahili na maandishi ni madogo kwa waliokaa nyuma. Bibi yangu aliniambia habari za siwindhe, nyumba ya mama mzee ambamo wasichana walilala na kusimuliwa hadithi na vitendawili usiku. Sisemi chumba changu ni siwindhe. Lakini ninapoona watu kumi na wawili wakimtazama mmoja anayesimulia, na mwingine akidakia "hapana, hakusema hivyo," naikumbuka sauti ya bibi.

Kutafsiri kwenyewe kumezua ugomvi mzuri. Wasafiri wale wana msemo wao, kwamba wanakwenda kwa ajili ya watakaokuja baada yao. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisoma, "kwa ajili ya vizazi vijavyo." Binti akakataa, akasema hayo ni maneno ya jukwaa la kampeni. Aliomba warudi kwenye jabali walilolipanda dakika chache kabla. Mkitazama vizuri, zile shikio mnazopandia zimepigiliwa na misafara iliyotangulia, watu waliokwishakufa, ili anayefuata apate pa kushika. Hawasemi juu ya vizazi, akasema, wanasema juu ya mtu aliye nyuma yako njiani. "Kwa walio nyuma yetu." Mwalimu alifikiri, akakubali. Siku hizi chumba kizima husema hivyo kabla ya vita vikubwa.

Wengi wananiuliza kama tutapata siku moja gemu zinazozungumza lugha yetu. Ipo tayari. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024, imeongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Aliitengeneza akimkumbuka babake aliyefariki: kijana Zau anamwendea mungu wa kifo, Kalunga, kumwomba amrudishie baba. Ni ya kurukaruka na kupigana, si ya kujenga mhusika kama hii ya Wafaransa, lakini kilio ni kimoja. Niliiweka Jumapili moja, na mzee wetu wa ajua alisogeza kiti mbele kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Nimalizie na Jumapili iliyopita. Tumefika mwisho wa safari. Sitawaharibia ambao hawajafika, ila niseme kwamba gemu inawawekea wachezaji chaguo moja kati ya watu wawili, na kila mmoja ana sababu inayokuchoma. Pedi ilikuwa mkononi mwa yule binti wa uuguzi. Akasoma chaguo zote mbili kwa Kiswahili, taratibu. Akampa mpiga ngoma. Mpiga ngoma akampa fundi wa pikipiki. Fundi akaiweka mezani. Walibishana mpaka saa nne na robo usiku, sita kwa sita, na mzee akiulizwa anasema hajaona bado. Mwishowe wakaniomba niiache mashine ikilala pale pale, tuombe stima isipotee. Sijaigusa tangu siku hiyo. Jumapili hii tunakutana saa kumi na mbili jioni, na viti vipo.