Acheni Kudai Toleo la Linux

Asanteni, asanteni. Nimepewa dakika arobaini na mwenyekiti ameshanionya kwa macho, kwa hiyo historia ya Linux, mfumo wetu wa kompyuta, tangu 1991 naiacha. Mliokuja hapa mnaijua, na asiyeijua bila shaka amekaa jirani na mtu anayewashwa kumsimulia.

Nimekuja na ugomvi uleule. Wengine mmeshausikia, mtanivumilia. Kila gemu mpya inapotangazwa, watu wetu wanakimbilia chini ya tangazo na kuuliza: toleo la Linux lini? Wasipojibiwa wananuna. Mimi nasema acheni. Hatulihitaji, na mara nyingi hata tulipopewa lilituachia hasara.

Naona vichwa vinatikiswa. Vizuri, tuanze na Loki. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya Loki Software, kazi yake kuchukua gemu za Windows, kuzitengenezea toleo la Linux na kuziuza kwenye maboksi. Kazi yao ilikuwa safi. Maktaba ya SDL, inayoiunganisha gemu na skrini, sauti na vidhibiti, na ambayo hadi leo imebeba gemu lukuki, ni ya Sam Lantinga aliyekuwa akifanya kazi kwao. Lakini wanunuzi walikuwa wachache, na Januari 2002 Loki ikafunga milango.

Sasa chukua moja ya yale maboksi, weka diski, jaribu kuicheza kwenye distro, yaani mkusanyiko wa Linux na programu zake, ya mwaka huu. Kwanza inatafuta maktaba za C za enzi hizo. Ukizipata kwa kuombaomba, inatafuta /dev/dsp ili itoe sauti, na distro nyingi za leo hazina kitu hicho. Kisha inataka kubadilisha ukubwa wa skrini kwa namna ambayo hakuna anayeikumbuka. Utaifufua, sikatai, humu ndani mna watu wa kufufua chochote. Ila mchezaji wa kawaida keshaondoka zamani.

Halafu chukua toleo la Windows la gemu hiyohiyo, la umri uleule, ulifungue kwa Wine, programu inayoyatafsiri maombi ya gemu ya Windows ili Linux iyaelewe. Kuna uwezekano mkubwa likafunguka. Na niwape la kuchekesha zaidi: programu za Windows za biti 16, zile za mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazifunguki tena kwenye Windows yenyewe ya biti 64. Kwenye Wine, nyingi zinafunguka. Mtu mwenye gemu ya utotoni iliyokataliwa na Windows anaweza kuja kuicheza huku kwetu.

Kwa nini iwe hivyo? Torvalds, aliyeianzisha Linux, ni mkali: kerneli, yaani kiini cha mfumo, haivunji programu iliyokuwa ikifanya kazi. Tatizo ni kwamba gemu haiongei na kerneli peke yake. Juu yake kuna sauti, kuna madirisha, kuna maktaba za kila aina, na huko kila baada ya miaka michache tunabomoa na kujenga upya, tena kwa furaha. Kwenye sauti, baada ya OSS ikaja ALSA, ikaja PulseAudio, sasa PipeWire. Kwenye madirisha, X11 inampisha Wayland. Yote ni maendeleo, lakini gemu haina fundi wa kuifuata miaka ishirini. Ikishauzwa, walioitengeneza wamehamia nyingine. Microsoft kwa upande wao walikuwa na wateja wakubwa waliokataa katakata kubadilisha chochote, wakalazimika kuyaacha maombi ya zamani ya Win32, yale ambayo programu huyapeleka kwa Windows, yaendelee kujibiwa. Ndiyo maana kitu kisichotikisika kuliko vyote ambacho mtengenezaji wa gemu anaweza kukilenga kwenye Linux leo ni Windows. Mnacheka. Mimi nilishacheka, sasa nimeanza kulichukulia kama mpango wa kazi.

Mfano wa karibu zaidi ni Rocket League, gemu ya magari yanayocheza mpira. Ilikuwa na toleo la Linux, halali kabisa. Machi 2020 waliokuwa nalo wakakatiwa mechi za mtandaoni, na gemu hiyo karibu yote ni mechi za mtandaoni. Toleo la Windows kupitia Proton, yaani Wine iliyofungwa na kampuni ya Valve ndani ya duka lake la gemu la Steam, likaendelea kuchezeka. Aliyeshikilia kanuni akabaki na mpira bila wapinzani.

Sasa yule anayenong'ona kwamba tafsiri inapunguza kasi, naomba aniangalie mimi, asimwangalie jirani.

Gemu ya Windows na gemu ya Linux kwenye kompyuta moja zinatumia prosesa ileile. Hesabu za kumrusha adui hewani prosesa inazifanya moja kwa moja, haijali ziliandikiwa mfumo gani. Tofauti inakuja pale gemu inapouomba mfumo kitu: nifungulie faili, nitolee sauti, nichoree pembetatu hizi. Wine, inayotengenezwa tangu 1993, inasimama pale kwenye maombi tu. Ni adapta ya plagi: umeme haubadiliki, matundu ndiyo yanayotofautiana. Kazi ni kuyajua matundu yote, na hapo ndipo miaka ilipoishia.

Chukua jambo dogo kabisa, jina la faili. Msanii kahifadhi picha ya ukuta kwa jina wall.dds, herufi ndogo tupu. Mwandishi wa msimbo, saa nane za usiku, kaandika Wall.DDS. Kwenye Windows hakuna neno, herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Kwenye Linux hayo ni majina mawili, na hilo la pili halipo. Kwa hiyo Wine inalazimika kufungua folda, kupitia jina moja moja na kulinganisha hadi ipate linalofanana. Sasa gemu inapakia ramani yenye maelfu ya mafaili, na kila moja inabidi litafutwe hivyo. Dawa ikaja kutoka ndani ya kerneli: Linux 5.2, mwaka 2019, ext4, mpangilio wa kuhifadhia mafaili, ikaruhusiwa kuwa na folda zisizojali ukubwa wa herufi. Wazee wa Unix waliolelewa wakiamini kwamba a na A ni vitu viwili mbele ya Mungu na watu wakameza mate, wakakubali.

Au chukua kusubiri. Gemu ya leo ina nyuzi nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja: huu unashughulikia sauti, ule unapakia picha, mwingine unapiga hesabu za mwili kuanguka, na muda mwingi zinasubiriana. Windows ina ombi la kusema: kati ya hivi vitu kumi, chochote kikiwa tayari niamshe. Linux haikuwa na ombi linalolingana na hilo. Wine ikawa inapeleka masuala yote hayo kwenye prosesi moja iitwayo wineserver, foleni ikajaa, fremu zikaporomoka hata kwenye mashine ya bei mbaya. Watu wakatafuta njia za panya, kwanza esync, kisha fsync. Januari 2022, Linux 5.16 ikaja na futex_waitv, ombi la kusubiri vitu vingi kwa mara moja. Machi 2025, Linux 6.14 ikaja na ntsync, draiva ambayo kazi yake pekee ni kusubirisha nyuzi jinsi Windows inavyozisubirisha. Hebu lifikirieni hilo. Kerneli inayoendesha seva za benki na kompyuta za maabara imeongezewa kipande ili gemu zisikwamekwame, na waliokipitisha si watoto.

Picha nazo zina hadithi yake. Vulkan, njia ya kuiagiza kadi ya picha ichore, ilitoka 2016. Mwaka 2017 Philip Rebohle akaanza kuandika DXVK, inayogeuza maombi ya Direct3D 11, yale ya kuchora ya Windows, kuwa ya Vulkan, na sababu yake ilikuwa kwamba alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Hakuwa na tume wala ruzuku. Mwaka uliofuata Valve walikuwa wanamlipa, na Agosti 2018 wakafunga Wine na DXVK pamoja na vikorombwezo vingine, wakakiita Proton na kukiweka ndani ya Steam. Unabofya kitufe cha kucheza, basi. Hujui kwamba kwenye folda yako imetengenezwa diski bandia ya C:, na huna haja ya kujua.

Kuhusu kasi, gemu ya Elden Ring ilitoka Februari 2022 ikigugumia hata kwenye Windows. Tatizo mojawapo ni kwamba kwenye sehemu fulani iliomba maelfu ya vijirasilimali kwa mkupuo. Wahandisi wa Valve hawakumpigia mtengenezaji magoti. Walirekebisha upande wa tafsiri ili kumbukumbu iliyokwisha kutengwa itumike tena, na wachezaji wa Linux wakapata nafuu bila faili hata moja la gemu kuguswa. Kwenye toleo la Linux lenyewe ungefanyaje? Ungengoja. Safu ya tafsiri iko mikononi mwetu, msimbo wake uko wazi, na ukiirekebisha mara moja umerekebisha gemu mia ambazo hata hukuzifikiria. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, na kama mwenyekiti angenikatiza sasa nisingelalamika.

Hakunikatiza. Haya, kuna wanaosema: umeiweka roho yetu mikononi mwa Valve, kampuni binafsi, ikichoka itakuwaje? Swali la haki. Valve hawakuja kwa mapenzi. Mwaka 2012 Gabe Newell, mkuu wa Valve, aliiona Windows 8 yenye duka lake la programu akaiita janga, akatafuta mlango wa dharura. Mlango wenyewe wakaujenga vibaya mwanzoni: Steam ya Linux 2013, zile kompyuta za kuchezea za Steam Machine za Novemba 2015, na mpango mzima ukategemea, mmeshakisia, watengenezaji waandike toleo la Linux. Hawakuandika. Mashine zikadoda. Walichojifunza hapo ndicho kilichozaa Proton, na Proton ndiyo iliyowezesha Steam Deck, kifaa cha kuchezea cha mkononi, ya Februari 2022. Kama Deck ingengoja matoleo ya Linux, leo ingekuwa kifaa kizuri cha kusomea saa. Na Valve wakiondoka kesho, Wine iliishi robo karne kabla ya Proton. Tutaumia, tutapungua mwendo, lakini msimbo hawataondoka nao.

Takwimu mnazitaka, najua. Kabla tu ya Proton, Linux kwenye utafiti wa kila mwezi wa Steam ilikuwa chini ya asilimia 1. Oktoba 2025, mwezi ambao Microsoft walisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, ikavuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Furahini, ila msiwe wale wa kushangilia kila desimali. Utafiti ule unayumba kutegemea ni watumiaji wangapi wa Kichina wameulizwa mwezi huo, na kila ikishuka nusu pointi napokea ujumbe wa matanga.

Basi tudai nini? Dai la kwanza, mtengenezaji aijaribu gemu yake kwenye Proton kabla ya kuitoa. Ni kazi ndogo sana kuliko kuandika toleo. La pili, video. Mmewahi kucheza gemu, ukafika wakati wa hadithi, badala ya mfalme akihutubia ukaona mistari ya rangirangi kama televisheni iliyokosa stesheni? Hiyo ni video iliyofungwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, yenye hataza, ambayo Proton haiwezi kuisambaza hivihivi. Wangetumia kodeki huria, mfalme angeongea. Inaudhi kwa sababu ni rahisi kiasi hicho.

La tatu ndilo zito na nimebakiza muda kiduchu, kosa si lenu. Walinzi dhidi ya wachakachuaji, yaani programu za kuwazuia wanaocheza kwa hila. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilifungua mlango kwa Proton mwaka 2021. Mlango upo, mwenye gemu anatakiwa aruhusu. Wapo walioruhusu, wapo wanaokataa hadi leo, na wapo walioruhusu wakageuka: Apex Legends ilifungia Linux tarehe 31 Oktoba 2024. Vanguard, mlinzi wa kampuni ya Riot, ni suala jingine, inataka kukaa ndani ya kerneli ya Windows, na Wine haifiki huko wala haipaswi kufika. Ilipowekwa kwenye League of Legends, gemu ya Riot, mwaka 2024, waliokuwa wakiicheza kwa Wine waliamka siku moja wakiwa nje.

Najua jibu lao: kwenye Linux mtu anaweza kujitengenezea kerneli yake na kumdanganya mlinzi. Kweli, anaweza. Na kwenye Windows, yenye walinzi hao wote, wachakachuaji wameisha? Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa kulekule ndani ya kerneli, liliangusha mashine za Windows takriban milioni 8.5, ndege zikabaki chini. Hao walikuwa walinzi wa kampuni, wenye mikataba. Mimi nikuachie kerneli yangu kwa ajili ya gemu? Kagua mchezo kwenye seva yako. Anayeona kupitia kuta ni kwa sababu seva ilimtumia kilichoko nyuma ya ukuta.

Mwenyekiti amesimama. Nilikuwa na sehemu ya kadi za picha za Nvidia na draiva zao, ndefu na yenye matusi kiasi, naiacha. Wa AMD hamna shida, kaeni mtulie. Wa Nvidia tuonane hapo nje.

Maswali. Wewe wa mbele. Na tafadhali lisiwe la Photoshop.