Sauti ya Tatu: Kanda na Kitabu cha Mahojiano ya Hitchcock na Truffaut

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa filamu na wageni wetu,

Tarehe 13 Agosti 1962, siku mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alipotimiza miaka 63, mwongozaji kijana wa Kifaransa, François Truffaut, aliketi naye katika ofisi ya Hitchcock kwenye studio za Universal, California, wakaanza kuzungumza juu ya filamu za Hitchcock moja baada ya nyingine. Truffaut alikuwa na miaka 30, na Kiingereza chake hakikutosha kwa kazi hiyo. Kati yao aliketi mkalimani, Helen Scott, na mbele yao kinasa sauti. Kutokana na kanda hizo kilizaliwa kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1966 na kwa Kiingereza mwaka 1967, ambacho hadi leo wanafunzi wa filamu hukisoma karibu kila mahali. Kanda zenyewe zilikaa kimya miaka mingi, hadi redio ya Ufaransa ilipozirusha kwa vipindi mwaka 1999.

Anayezisikiliza baada ya kusoma kitabu hupigwa na jambo moja mara moja: sauti ni tatu, wala si mbili. Truffaut huuliza, Scott huanza kufasiri kabla hajamaliza, Hitchcock hudakia, na Kifaransa na Kiingereza hupandana hata msikilizaji akalazimika kurudisha kanda nyuma. Katika kitabu, maswali na majibu yamepangwa kwa utulivu, filamu kwa filamu, kana kwamba watu wawili wa lugha moja walikuwa wakipeana zamu barazani.

Chukueni maelezo mashuhuri ya Hitchcock kuhusu taharuki. Watu wanaongea mezani, na chini ya meza pana bomu. Likilipuka bila hadhira kujua, watazamaji wamepata mshtuko wa sekunde 15. Wakiambiwa mapema kwamba litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo, mazungumzo yale yale ya kawaida yanawapa dakika 15 za taharuki. Kitabuni fundisho hili linasomeka kwa pumzi moja. Nalisifu, kwa kuwa limehaririwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, fundisho zima linahusu muda, na muda ndio unaoondoka wa kwanza sauti inapogeuzwa kuwa maandishi: mnong'ono, kusita, kicheko kinachotangulia neno, subira ya mtu anayengoja maneno yake yafike upande wa pili. Hitchcock alikuwa msimulizi aliyejua mahali pa kunyamaza, na unyamavu hauna herufi.

Lugha nayo imeacha alama. Truffaut aliandaa kitabu kwa Kifaransa, kwa hiyo maneno ya Hitchcock yalivuka kwanza kuingia lugha hiyo. Na toleo la Kiingereza lilipotayarishwa, mengi yalirudishwa kutoka Kifaransa badala ya kuchotwa upya katika kanda. Ndiyo maana msomaji wa Kiingereza anayedhani anamsikia Hitchcock akisema kwa kinywa chake, mara nyingi anasoma tafsiri ya tafsiri. Sisi tunaonukuu masimulizi ya wazee kwa Kiswahili ilhali wao walisimulia kwa Kimakonde au Kidigo tunapaswa kulishika hili kwa uzito, kwa sababu tunafanya hivyo hivyo kila siku na mara chache tunamweleza msomaji.

Tena kitabu kinazungumzia *Marnie* ya 1964 na *Torn Curtain* ya 1966, filamu ambazo Agosti ile hazikuwa zimepigwa. Mazungumzo ya baadaye yameunganishwa na ya awali bila mshono kuonekana. Toleo lililopanuliwa la 1983, Hitchcock akiwa ameshafariki mwaka 1980, likaongeza sura ya kumi na sita, ambayo Truffaut aliiandika peke yake.

Sisemi kwamba kitabu kinadanganya. Truffaut alitaka wakosoaji waliomwona Hitchcock kuwa mburudishaji tu wamtambue kama msanii, na kwa shabaha hiyo maandishi yaliyonyooshwa yalifaa kuliko kanda zenye vurugu ya sauti. Ninachoomba ni kwamba anayemnukuu Hitchcock kutoka humo, hasa anapojenga hoja juu ya neno moja alilolichagua, akalisikilize kwanza.

Kwenye ukurasa wa jina la kitabu imeandikwa kwamba Helen Scott alishirikiana katika kazi hiyo. Ndani, katika mamia ya maswali na majibu, hakuna mstari hata mmoja aliopewa yeye.