Swali la Sita Likifanana na la Tano

Walimu wenzangu, kabla sijasema lolote, tazameni hesabu hii niliyoiandika ubaoni: 8 + 4 = ☐ + 5. Kisanduku kinataka namba gani? Mnatabasamu. Ni 7, hesabu ya mtoto mdogo. Haya, wapeni hao watoto wenyewe. Wengi watajaza 12. Baadhi watapiga hatua moja zaidi, wakusanye kila kinachoonekana, waandike 17. Watafiti wa Marekani waliwapa wanafunzi wa shule za msingi swali hilohilo katika miaka ya 1990, na waliopata 7 walikuwa wachache mno.

Mtoto huyu kujumlisha anajua. Kinachomshinda ni alama ya sawasawa, na aliyemfundisha vibaya ni sisi. Tangu aanze shule ameiona mahali pamoja tu: kushoto hesabu, kulia nafasi tupu. Sisi tunasoma "ni sawa na", yeye anasoma "andika jibu hapa". Miaka inapita, anakutana na 3x + 2 = x + 10, anakodoa macho: sasa jibu liko upande gani? Tungekuwa tunamwandikia pia 12 = 8 + 4, au 6 + 3 = 5 + 4, au hata 7 = 7, asingefika huko akiwa na imani hiyo.

Kwa hiyo mwanafunzi anaondoka darasani na kile ambacho kichwa chake kilikuwa kinakifanya wakati wa zoezi, hata kama mdomo wa mwalimu ulisema kingine. Leo nataka tuyatazame mazoezi yetu kwa jicho hilo.

Mnajua yalivyopangwa. Mada ya leo ni ujazo wa pia, yaani umbo la koni. Maswali kumi, yote ya pia. Kesho tufe, umbo la mpira, kumi, yote ya tufe. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo, wakiwafundisha kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya maswali umbo kwa umbo, kama vitabu vyetu. Lingine lilipewa maswali hayohayo, idadi ileile, ila yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili 60. Ungekuwa wewe mwalimu wao, ungempongeza nani? Baada ya wiki moja wakapewa mtihani. Waliochanganyiwa walipata asilimia 63. Wale wa asilimia 89 waliambulia 20.

Mimi takwimu hizo zilinikosesha raha, kwa sababu nimefundisha kwa mtindo wa kwanza miaka mingi na kila Ijumaa nilikuwa narudi nyumbani nimeridhika. Lakini keti kando ya mwanafunzi mmoja uone. Akifika swali la sita halisomi. Anatupia jicho la tano, anabeba kanuni ileile, anabadilisha namba. Mkono unakwenda, kichwa kimepumzika. Kazi ya kujiuliza "hili ni swali la aina gani?" tumeshamfanyia sisi pale tulipoandika kichwa cha mada juu ya ukurasa. Mtihani hauna kichwa cha mada. Yakichanganywa, kila swali linamlazimisha achague kanuni na kuichimbua kutoka kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana anakosea zaidi siku ile, na ndiyo maana inabaki.

Wala si lazima mnunue kitabu kipya. Wapeni maswali manne ya mada ya leo, mengine sita yawe ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita.

Ila msikimbilie kuchanganya siku ya kwanza! Kumbukumbu tunayofanyia kazi kwa wakati mmoja ni finyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alitaja vitu kama saba; mwaka 2001 mwenzake wa fani hiyo, Nelson Cowan, alivipunguza hadi vinne hivi. Mtazame mtoto anayegawanya 592 kwa 8. Anahitaji kujua nane zinaingia mara ngapi katika 59. Jedwali hana kichwani, basi anaanza na vidole: nane, kumi na sita, ishirini na nne... Akifika 56 amesahau alikuwa anatafuta nini, na ile 2 ya mwisho haishuki tena. Kugawanya anaelewa, kilichojaa ni kichwa. Ndiyo maana ule ubishi wetu wa kukariri dhidi ya kuelewa unanichosha. Anayeijua 7 × 8 bila kuhesabu amebakiwa na nafasi ya kufikiria.

Kwa mada mpya kabisa, mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua inasaidia kuliko kumtupia mgeni maswali ajitafutie. John Sweller na Graham Cooper walilionyesha hilo katika aljebra mwaka 1985: waliosoma mifano walimaliza haraka na kwa makosa machache. Lakini kwenye maswali yenye muundo tofauti na ule wa mifano, faida hiyo haikuonekana. Basi mifano kwanza, kisha maswali machache ya aina moja, kisha changanya, na endelea kuchanganya wiki hadi wiki.

Limebaki jambo moja, na naona mikono imeshaanza kuinuka. Mkaguzi akiingia siku ya kuchanganya atakuta darasa la asilimia 60, wanafunzi wamekunja uso, madaftari yamejaa wekundu. Darasa la jirani lina 89. Mtamwambia nini? Tuanze na wewe mama hapo nyuma.