Kijarida cha Marafiki: Anza na Karatasi Tupu

Karibuni mezani. Hapa kuna karatasi nne za A4, tupu kabisa, penseli, rula, na ndala moja ya mpira. Hiyo ndala ina kazi yake mwishoni. Leo tunatengeneza kijarida cha mada moja, marafiki wanane, hapa Moshi: kurasa 16, nakala 20, kopi ya nyeusi na nyeupe. Kwa Kiingereza kitu hiki kina jina lake fupi, "zine", ila ukilitamka Kiswahili linakuwa dhambi ya kuitwa na wazee wa kanisa. Sisi tunasema kijarida.

Wengi huanza kwa kukusanya maandishi, kisha ndipo wanatafuta pa kuyaweka. Matokeo yake ni grupu la WhatsApp lenye mashairi kumi na moja, picha za giza na hakuna kijarida. Anza na karatasi. Ikishakunjwa, yenyewe inakwambia nani apewe nafasi gani, aandike kiasi gani, na mchango uwe shilingi ngapi.

Kwa hiyo kunja. Panga karatasi zote nne pamoja, zikunje katikati mara moja tu, zipate ukubwa wa A5. Sasa andika namba kwa penseli kwenye kila ukurasa, kuanzia jalada la mbele ambalo ni 1 mpaka jalada la nyuma ambalo ni 16. Ukimaliza, zitenganishe na uzilaze mezani. Tazama karatasi ya nje: upande mmoja una 16 na 1, ukigeuza una 2 na 15. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu ni 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa ni 10 na 7, nyuma 8 na 9. Jumlisha jozi yoyote hapo, utapata 17. Na kila jozi, namba shufwa iko kushoto, witiri kulia. Ukikuta jozi isiyotoa 17, umekosea kabla hujatumia hata shilingi, na hilo ndilo kosa la bei rahisi kuliko yote.

Kijarida cha kukunja hakina kurasa 14 wala 18. Ni 8, 12, 16, 20, kwa nne nne. Rafiki akikuomba "ukurasa mmoja tu wa nyongeza", jibu lake liko kwenye hesabu hiyo.

Sasa gawa kurasa. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 2 una majina ya walioandika na tarehe, wa 15 tunauacha kwanza, wa 16 ni mchoro au picha moja tu. Zimebaki 12. Watu wanne wapewe kurasa mbili mbili, wanne wengine mmoja mmoja. Kurasa za 8 na 9 mpe mwenye ramani au mchoro mpana, kwa sababu ni hapo tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana zipo kwenye karatasi moja. Picha ukiivusha kutoka 4 kwenda 5, nusu inachapwa kwenye karatasi nyingine, na zikikutana hazilingani. Mtu anabaki na pua mbili.

Mada. Hapa ndipo vijarida vingi hufia. Mkisema "maisha" au "upendo", mtapata mahubiri manane. Chagueni kitu kinachoshikika na kilicho karibu. Toleo letu la mfano ni "Mfereji". Miteremko ya Kilimanjaro wanakoishi Wachagga ina mifereji ya asili, mifongo, inayotoa maji mitoni na kuyapeleka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, na maji hayo hugawanywa kwa zamu. Neno hilo moja linatoa ramani ya mfereji wa mtaani kwenu, orodha ya zamu ya maji, shairi la mtoto aliyetumwa kuchota, mchoro wa jembe, maelezo ya bibi kuhusu ugomvi wa mpaka, hata mapishi ya kitawa, kile chakula cha Kichagga. "Kifodi", ile daladala ndogo ya hapa kwetu, ni mada nzuri pia. "Treni" nayo, tangu ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019. Kipimo ni hiki: kila mmoja wenu aweze kutaja jambo lake ndani ya dakika moja. Wawili wakikwama, mada ni pana mno au si yenu.

Ujumbe wa kwenye grupu uwe mfupi, na uwe mmoja. Usiutawanye kwenye sauti sita. Andika hivi:

"Wapendwa, mada ni Mfereji. Maandishi: maneno 220 kwa ukurasa mmoja, 440 kwa kurasa mbili. Shairi lisizidi mistari 26 pamoja na kichwa. Mchoro: kalamu nyeusi, karatasi nyeupe isiyo na mistari. Picha zitumwe kama dokumenti. Mwisho ni Jumamosi ya wiki ya tatu, saa 12 jioni. Atakayechelewa nafasi yake itajazwa na mchoro."

Kila sharti hapo lina sababu yake. Maneno 220 ndiyo yanayokaa vizuri kwenye A5 kwa herufi za ukubwa wa 11. Ukibana mengi zaidi utaanza kushusha herufi, na zikifika 8 mashine ya kopi iliyochoka huzifanya herufi hizo kuwa vumbi. Penseli haitoki vizuri kwenye kopi, na biki ya bluu hutoka hafifu. Na ile dokumenti: picha ikitumwa kawaida, WhatsApp huipunguza ili isafiri haraka. Kujaza ukurasa mzima wa A5 kwa ubora wa kuchapa unahitaji pikseli kama 1748 kwa 2480. Kwenye simu inaonekana safi hata ikiwa nusu ya hapo, kwenye karatasi haikufichi.

Kuna mzee mwenye habari nzuri asiyependa kuandika? Mwendee, umsalimie vizuri, umrekodi kwa ruhusa yake, uandike alivyosema, kisha urudi umsomee kabla ya kuchapa. Usiruke hilo la kumsomea. Jina la mtu au mpaka wa shamba ukikosewa, karatasi haifutiki kama ujumbe wa simu.

Mhariri awe mmoja kwa kila toleo, na zamu izunguke. Anaruhusiwa kupunguza, haruhusiwi kuongeza. Andiko linarudi kwa mwenyewe mara moja tu likiwa na alama, naye ana siku tatu. Bila ukomo huo, urafiki wenyewe unaanza kuhaririwa.

Jina la kijarida liwe neno moja la nyumbani. Gazeti la Baraza la Wachagga miaka ya 1950 liliitwa Komkya, basi. Halikuhitaji maneno manne na alama ya mshangao.

Tupange kurasa. Njia ya kwanza ni ya mkono, na kwa kijarida kidogo tunaipenda kuliko kompyuta. Laza A4 kwa upana, chora mstari hafifu wa penseli katikati, bandika kurasa mbili mbili kwa kufuata zile jozi za 17. Acha milimita 15 upande wa mkunjo na 10 pande nyingine, kwa sababu mashine nyingi za kopi hazichapi milimita tano za ukingoni. Tumia gundi ya kijiti. Gundi ya maji inakunja karatasi, na kila mkunjo unatoka kama mstari mweusi. Kingo za vipande ulivyobandika nazo hutoa kivuli. Zipake rangi nyeupe ya kufutia makosa, iache ikauke ndipo upeleke, la sivyo utachafua kioo cha watu.

Njia ya pili ni kompyuta. Tengeneza kurasa za A5 kwa mfuatano wa kawaida, 1 mpaka 16, kisha hifadhi kama PDF. Usipeleke faili la kuandikia: kompyuta ya steshenari isipokuwa na fonti yako, mistari inahama na shairi linamwagikia ukurasa wa jirani. Programu nyingi za kusomea PDF zina chaguo la kuchapa kama kijitabu, nalo hupanga jozi lenyewe. Angalizo: ukishapanga jozi mwenyewe, usiliguse chaguo hilo. Litazipanga tena juu ya mpangilio wako, na utapata saladi. Faili liweke kwenye flashi na pia kwenye barua pepe, maana flashi ikipita kompyuta za watu wengi huokota virusi na mafaili yanafichwa.

Picha za simu zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, kisha ongeza mwanga zaidi ya unavyodhani inatosha. Sura zetu kwenye kivuli cha migomba, kopi huzigeuza kuwa doa moja jeusi. Toa kopi ya jaribio ya picha tu kabla ya kuendelea.

Sasa hesabu. Karatasi nne, pande mbili, ni pande 8 kwa nakala. Mara 20 ni pande 160. Ile karatasi ya nje tunaichapa kwenye manila laini ya gramu 160, kwa hiyo unahitaji manila 20 na karatasi za kawaida 60. Tuseme upande ni shilingi 100 na manila moja ni 300. Ninyi ulizeni bei ya steshenari yenu. Hapo ni 16,000 na 6,000, jumla 22,000. Ongeza 2,000 za majaribio na za kuharibika. 24,000 kwa watu wanane ni 3,000 kila mmoja. Mchango ukusanywe kabla ya kwenda kuchapa. Ukilipa wewe kwanza, utakuwa mfadhili bila kuchaguliwa.

Steshenari nenda asubuhi katikati ya wiki, si siku ambayo shule zinatoa kopi za mitihani, na uliza kama umeme upo. Sema hivi: "Dada, naomba nakala moja kwanza, pande mbili, igeuzwe kwa upande mfupi." Maneno ya upande mfupi ni muhimu. Karatasi imelala kwa upana, kwa hiyo ikigeuzwa kwa upande mrefu, ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini. Pia mwombe asiweke chaguo la kupunguza ili itoshee, kama nafasi za pembeni umeshaziacha. Kunja nakala hiyo pale pale kaunta, fungua kuanzia 1 hadi 16 kwa kidole. Ikiwa sawa, ruhusu 19 zilizobaki.

Mashine ikiwa ya upande mmoja, chapa pande za mbele zote kwanza. Kisha chukua karatasi chakavu, chora mshale kwa kalamu, ipitishe mashineni, uone mshale umetokea wapi. Ndipo urudishe rundo. Kubahatisha hapa ni kuchoma karatasi 60.

Tumerudi mezani. Panga marundo manne, mkizunguka kila mtu achukue moja moja, manila chini kabisa, ile ya 8 na 9 juu. Manila ikunje peke yake kwanza: pitisha rula katikati, kwaruza mstari kwa biki iliyokwisha wino, kisha kunja. Bila mkwaruzo huo inapasuka mgongoni. Mkunjo ubane kwa mgongo wa kijiko.

Ndala sasa. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, kwa hiyo ifungue mdomo. Fungua kijarida, jalada litazame juu, kilaze juu ya ndala. Piga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, moja sentimita 5 kutoka juu, nyingine 5 kutoka chini. Inua taratibu, geuza, laza miguu ya pini kwa mpini wa kijiko. Pini ikiingia nje ya mstari hata milimita mbili, kijarida hakifungi. Ing'oe upige upya.

Unapenda uzi? Toboa matundu matatu kwa shazia, moja katikati, mawili sentimita 5 kutoka kila mwisho. Kata uzi wa sentimita 55. Ingia kutoka ndani kwa tundu la kati, rudi ndani kwa la juu, vuka ndani moja kwa moja hadi la chini utoke, rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, funga fundo. Kaza kwa kuvuta kuelekea usawa wa mkunjo. Ukivuta kwenda juu utachana karatasi.

Karatasi za ndani zitachomoza kidogo mbele, kama milimita moja. Wakate wanaotaka, kwa rula ya chuma na wembe mpya. Kisha weka nakala zote chini ya rimu nzima mpaka kesho.

Mambo mawili kabla ya kugawa. Picha na michoro iwe yenu; ya intaneti ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua. Na kijarida hiki kinazunguka mikononi mwa marafiki. Siku mtakapotaka kukiuza kwa umma, ulizeni kwanza Idara ya Habari Maelezo, maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka leseni kwa machapisho ya aina hiyo.

Nakala moja na zile karatasi za asili ulizobandikia ziingie kwenye bahasha, ziandikwe namba ya toleo. Na ule ukurasa wa 15 tuliouacha: kabla ya kwenda kuchapa, andikeni hapo mada ya toleo lijalo, jina la mhariri wake, na Jumamosi ya mwisho wa kupokea kazi.