Mtoto wa feri na kozi ya misitu

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Wengi hapa Mombasa mshanisikia nikilia na jambo hili la watoto kuchagua masomo na kozi bila wa kuwashauri, Mvita, Kisauni, mpaka kwenye harusi za watu, kwa hivyo "elimu ni ufunguo" leo siimbi.

Kuna kijana wa Likoni, kila alfajiri yuwavuka na feri kwenda shule, yuwaangalia meli zikiingia bandari ya Kilindini. Meli ya makontena, meli ya mafuta, ya bendera gani, zote azijua. Ndoto yake moja tu, injinia wa meli. Haya, kafika kidato cha pili, karatasi ya kuchagua masomo ikaletwa asubuhi yatakiwa jioni. Mwalimu wa fizikia mkali, marafiki wote wanaenda historia, naye akatia tiki historia. Dakika mbili hazikuisha! Hakuna aliyemuuliza, we mwanangu, wataka kuwa nani? Mamake kaletewa fomu yuko jikoni, katia sahihi na mkono una unga, na simlaumu, nani alimwambia ile karatasi ndiyo yafunga milango?

KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ikatoka, C plasi, alama ya kuingia digrii kabisa, nyumbani pilau, vigelegele, simu mpaka Oman. Wakaenda saiba, pale pa kompyuta za kulipia, kujaza KUCCPS, ile ya serikali ya kuomba nafasi za chuo. Hapa nisikizeni sana. Mshauri wa maisha ya mtoto huyu akawa ni kijana wa saiba, nyuma yake foleni mpaka barazani. Akaandika uhandisi wa meli, ikakataa, fizikia hana. Akajaribu tena, labda kompyuta haikusikia. Ikakataa. Kijana wa saiba akamwambia, "Kaka, hii hapa yakubali, niweke?" Niweke! Mtoto wa bahari kaenda kusomea misitu. Siidharau misitu, wallahi, lakini yeye miti anayoijua ni mnazi na mkoko.

Naona mzee pale anatikisa kichwa, ati si shule zina mwalimu wa gaidansi, wa kuwashauri watoto? Zinaye. Ni yuleyule anafundisha hesabu madarasa manne, anaamua ugomvi wa bweni, anafuatilia aliyetoroka, ya kozi atayazungumza saa ngapi, usiku wa manane? Na injinia wa bandarini akialikwa kuongea na watoto, aletwa kidato cha nne mtihani ushabisha hodi. Huko ni kumuelekeza mtu gati na feri ishang'oa.

Na msijifariji ati mtaala mpya umetibu. Gredi 10 ya kwanza imeingia Januari 2026, njia tatu, STEM yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ya pili sayansi ya jamii, ya tatu sanaa na michezo, maanake anayeamua sasa ni mtoto wa Gredi 9, ndevu hana. Karatasi ni ileile, imevaa kanzu mpya tu. Na hawa wa KCSE bado wapo, wa mwisho ni 2027, msiwatupe.

Nilitaka niseme na diploma, kwamba C minasi nayo ina njia na si aibu, na TUM, chuo kikuu cha ufundi, iko papa hapa Tudor, na HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, pia nilikuwa nayo kwenye karatasi... haya, mwenyekiti yuwanionyesha saa. Maswali. Mama wa mbele, umeinua mkono kitambo. La, kwanza niambie, wako yuko gredi ya ngapi?